Risasi Ndani ya Risasi

Leo nimevuliwa nguo mchana kweupe, tena na neno la silabi tatu. Nimerudi chumbani kwangu Berea, hapahapa Johannesburg, nimekaa kitandani na viatu miguuni, sijala. Nawaandikia haraka kabla Mireille hajawaandikia yeye, maana najua lake litakuwa limetiwa chumvi. Langu ni kavu. Lisomeni hivyohivyo.

Kwa wageni wa kikundi hiki: mimi ndiye yule fundi simu wa Yeoville mnayemwita Kamusi. (Jina nilijipa mwenyewe. Haya, chekeni, tumalizane na hilo.) Mimi ni mtu wa Tanga. Mtu wa Tanga akizaliwa, wengine wanalia, yeye anasahihisha. Humu kikundini mmenizoea. Mtu akiandika "mazishi itakuwa Jumamosi", mimi namjibu "yatakuwa", ndipo nampa pole. Ninyi Wakongo nimewasumbua zaidi ya wote. Nimewaambia mara ngapi kwamba Kiswahili chenu kina Kifaransa kingi kuliko maji kwenye chai? Leo mmelipiziwa kisasi bila kunyanyua kidole.

Mireille mnamjua. Ndiye msusi wa saluni iliyo ubavuni mwa meza yangu ya simu, mtoto wa Lubumbashi, mrembo kunizidi kwa mbali. Tumekubaliana tuoane. Aliyebaki kukubali ni baba yake, Papa Mireille, mwenye malori ya kuhamisha vyombo vya watu. Mimi nataka wazee wangu waende kwake kujitambulisha kabla ya Krismasi. Yeye kila akiulizwa anasema ataangalia. Mireille alipombana aseme tatizo ni nini, alijibu kwa sentensi moja: "Batanzania banasemaka tu."

Yaani sisi ni watu wa kusema tu. Nikaapa kumwonyesha kwamba kusema nako ni kazi.

Nafasi ikajileta yenyewe. Papa Mireille ni mwindaji. Ana kibali, ana kabati la chuma, na ndani ya kabati ana bunduki ya kizamani yenye kitako cha mbao, ile ya kuvuta komeo nyuma kwa mkono kila unapotaka kupiga tena. Kila baridi ikiingia anakwenda Limpopo na rafiki zake kuwinda swala. Sasa risasi za bunduki ile zimekuwa adimu madukani, na marafiki wamemwambia atengeneze zake mwenyewe. Kuna klabu ya shabaha upande wa kusini, ukishapita Turffontein, inayofundisha kazi hiyo Jumamosi. Lakini mafunzo ni kwa Kiingereza, na Papa Kiingereza chake kinaishia kwenye kusalimia na kupanga bei. Anahitaji mkalimani.

"Nenda wewe," Mireille akaniambia. "Akuone unavyosema kitu cha maana."

Nilinyoosha shati usiku wa jana kama naenda kuposa siku hiyohiyo.

Asubuhi Papa akanipitia na bakkie yake nyeupe, yaani pikapu. Ni mzee mpole, mnene, haongei ovyo. Akaniambia kahawa ipo kwenye thamosi nyuma ya kiti, nijimiminie, ila niitikise kwanza, kwa sababu sukari imebaki "ku matako ya chupa". Jamani. Mtu wa Tanga ukimtajia matako asubuhi, tena na baba mkwe, anashtuka. Ningenyamaza tu. Mdomo ukanitangulia.

"Papa, samahani," nikasema, "kwa Kiswahili sanifu hicho huitwa kitako."

Robot, yaani taa ya barabarani, ilikuwa nyekundu. Akanigeukia, akanitazama mpaka ikawa kijani na gari la nyuma likapiga honi. Mimi nikanywa kahawa yangu, nikijiona nimeanza vizuri.

Kwenye klabu kuna duka dogo ambalo unapita kabla ya darasa kununua vichwa. Niwaeleze, kwa kuwa sasa najua kwa uchungu. Bunduki ikishapigwa, kile kikopo cha shaba kinabaki mikononi mwako. Hukitupi. Unakisafisha, unakirudisha kwenye umbo lake kwa mashine ya mkono, unakijaza upya, kisha unakiziba kwa kichwa kipya, kile chenye ncha ambacho ndicho kinachoruka kwenda kumtafuta swala. Vikopo Papa alikuwa navyo tele ndani ya bati la biskuti. Vichwa hakuwa navyo. Na vichwa vina vipimo.

Bunduki yake imechongwa namba 303 ubavuni. Papa akaniambia nimuulize muuzaji kichwa kinachoifaa. Ningeuliza ningekuwa salama. Lakini mbele ya kaunta kulikuwa na wanaume wenye kaptula na soksi ndefu, wanaongea mambo ya bunduki kama sisi tunavyoongea mpira, nikaona haya kuonekana sijui. Nikaangalia rafu mwenyewe. Kulikuwa na maboksi ya 308. Kulikuwa na maboksi ya 311. Ya 303 hakuna hata moja.

Nikapiga hesabu ya darasa la pili. 303 na 308, ndugu. 303 na 311, majirani wa mbali. Ukikosa suruali ya saizi yako unachukua inayofuatia. Nikaomba 308.

Muuzaji akauliza kama bunduki yetu ni ya 308.

"Sharp," nikamjibu, ndiyo ya vijana wa hapa, kwa sauti nzito.

Papa akauliza muuzaji kasema nini. Nikamwambia kasema hiki ndicho chenyewe. (Hapa ndipo nilipojichimbia shimo, kama kuna anayefuatilia. Muuzaji hakusema hivyo. Nilisema mimi.) Papa akaonyesha kibali chake, akalipa, akatikisa kichwa kwa kuridhika. Akanipiga hata kofi dogo begani. Nilijiona tayari nakata keki.

Mwalimu wa darasa alikuwa mama mzungu wa Kiafrikana, nywele nyeupe, aproni yenye maua, mikono ya fundi gereji. Wote walikuwa wanamwita Tannie. Mimi nilidhani wanataja uzito wake, nikasema moyoni hawa watu hawana adabu. Baadaye ndipo nikaambiwa ni shangazi kwa lugha yao. Wanafunzi walikuwa wachache: wale wa kaptula, na mzee mmoja wa Kizulu mwenye kofia ya ngozi aliyekaa karibu nasi, Baba Khumalo. Tannie akasema hakuna shida na mkalimani, atakuwa anasimama kila baada ya maelezo ili nitafsiri. Nikasimama. Nikafunga kifungo cha koti.

Akaanza. Akainua risasi moja nzima na kusema ile inaitwa katriji. Akasimama, akaningoja.

"Papa, hii inaitwa risasi," nikasema.

Vizuri. Akaonyesha kile chenye ncha mbele, akasema watu wengi wanakosea hapa, hii peke yake ndiyo buleti, na mtu asichanganye buleti na katriji hata siku moja. Akaningoja.

Nikatafuta neno. Nikazunguka kichwa kizima. "Papa, anasema hii nayo ni risasi. Lakini tusiichanganye na risasi."

Papa akainua nyusi. Tannie akaendelea. Buleti ina moyo wa madini mazito laini, yamevikwa koti la shaba. Na hayo madini, ndugu zangu, mtu wa Tanga anayaitaje? Mnayajua. Nimesoma kemia, nikajua, na nikajuta kujua.

"Anasema risasi imetengenezwa kwa risasi."

Baba Khumalo akakohoa. Wa kaptula mmoja akageuka. Tannie akaeleza kwa raha yake, mikono ikienda huku na huku, kwamba buleti inasukumwa taratibu mdomoni mwa kikopo, vikishashikana ndipo unapata katriji kamili, ambayo wenyewe wakiwa uwanjani huiita raundi. Maelezo yalikuwa marefu na matamu. Akamaliza, akafuta mikono kwenye aproni, akanitazama kwa matumaini.

"Risasi inaingia ndani ya risasi," nikasema. "Zikishashikana zinakuwa risasi."

Kisha Baba Khumalo akauliza kwa Kiingereza, kwa upole kabisa, hiyo risasi ni kitu gani hasa. Nikamwambia ni hicho. Akauliza kipi. Nikasema vyote. Darasa zima likaangua kicheko, na Tannie akalazimika kuvua miwani.

Mimi huyu. Kamusi. Ninayewasahihisha wafiwa.

Ningeishia hapo ningekuwa na kisa cha kawaida. Lakini Tannie alivaa miwani, akaandika namba ubaoni, akatoa onyo. Akasema jina la bunduki silo kipimo cha kichwa chake. Ni jina tu. Bunduki ya 303, kwa mfano, na nyingi ziko humu nchini, haili kichwa cha 303, wala haili cha 308. Inakula cha 311, kwa kuwa mtutu wake ndani ni mpana kuliko jina lake. Ukiipa chembamba kitapwaya mtutuni na hakitapiga hata ukuta. Ukiipa bunduki yoyote kinene kuliko mtutu wake, basi hapo si suala la shabaha tena, ni suala la vidole. Kwa hiyo unasoma kitabu, unapima, unauliza. Hukisii.

Nikaliangalia boksi letu mezani. 308, maandishi makubwa, mekundu, kama yananinong'oneza.

Papa akanivuta mkono. "Anasema nini?"

Ndugu zangu, hapa kulikuwa na njia ya kutoka. Ningesema, Papa, nimekosea, turudi dukani. Mtu mwenye akili angesema hivyo. Mimi nilimwona Mireille, nikawaona wazee wangu wamevaa suti wakirudishwa mlangoni, nikaona aibu ya kukiri mbele ya mtu niliyemsahihisha matako asubuhi ileile.

"Anasema," nikajibu, "risasi ni risasi."

Papa akaniangalia kidogo zaidi ya inavyohitajika.

Ikaja zamu ya mazoezi. Kwa sisi wanagenzi ilikuwa mazoezi makavu, hakuna baruti wala kitu kingine cha kulipuka, ni kikopo kitupu na kichwa tu, ili mkono uzoee. Kila mtu akapewa mashine yake. Papa akachagua kikopo kimoja kutoka kwenye bati la biskuti, akakipitisha kwenye mashine kama alivyoonyeshwa, kikatoka kinang'aa. Alikuwa na mikono mizuri mzee yule, mikono ya subira. Akachukua kichwa cha 308 kwa vidole viwili, akakisimamisha juu ya mdomo wa kikopo. Kinatakiwa kikae pale juu, kikaidi, mpaka ukisukume kwa mashine.

Hakikukaidi. Kilitumbukia.

Tii. Mpaka chini.

Papa akachungulia ndani ya kikopo. Akakiinamisha. Akakitikisa karibu na sikio, kikalia kacha kacha kacha. Akachukua kikopo cha pili, kichwa cha pili. Tii. Wa kaptula wakaacha kazi zao. Baba Khumalo akasogeza kiti. Tannie akaja, akatazama, akachukua boksi, akasoma, akasogeza miwani, akasoma tena. Kisha akauliza, bila ukali, ni nani aliyemwambia mzee huyu anunue hiki.

Akaningoja nitafsiri.

Hebu fikirieni. Mimi ndiye niliyetakiwa kutafsiri swali lile. Nilifungua mdomo na hakikutoka kitu, si sanifu wala si kibovu. Na Papa hakuhitaji. Alitazama boksi, akatazama ubao ambako 303 ilikuwa imeunganishwa kwa mshale na 311, akanitazama mimi. Namba hazina Kiswahili wala Kifaransa.

Baba Khumalo akasema taratibu, "Eish. Risasi ndani ya risasi."

Walicheka mpaka mmoja wao akatoka nje. Kusema kweli, hata mimi ningecheka kama ningekuwa nimekaa kiti kingine.

Papa hakucheka. Akanisogeza pembeni kwa mkono wake mpana, kama unavyosogeza pazia, akasimama mbele ya meza na Tannie. Akaokota vipande vya mfano, kimoja kimoja, akaanza kuvitaja kwa Kiswahili cha kwao, kilekile ninachokisahihisha kila siku ya Mungu.

"Hii njo bale," akasema, akishika kichwa. "Hii njo duyi," akashika kikopo. "Pudre inaingia mu katikati." Kisha akakigeuza kikopo juu chini, akaweka kidole kwenye kile kitundu kidogo cha chini kinachopokea cheche, akanitazama machoni. "Na amorsi iko ku matako."

Sikusahihisha.

Tannie naye akashika kikopo, akasema kwao kinaitwa doppie. "Doppie," akasema. "Duyi," Papa akajibu. "Doppie." "Duyi." Wakatazamana wakacheka wawili hao kama watu waliosoma shule moja. Tangu hapo wakaendelea kwa vidole, kwa vichwa, kwa namba za ubaoni, na kila Papa alichoonyeshwa alikifanya sawasawa. Kiswahili kibovu kilikuwa na majina manne. Changu kilikuwa na moja, nalo nimelitumia mpaka likachakaa.

Tannie akanigeukia kwa huruma, akaniuliza kama najua kuchemsha maji. Nikapelekwa kwenye meza ya chai. Nilikuwa mkalimani wa kwanza Johannesburg nzima kupandishwa cheo hadi kwenye birika. Na pale hawakuniacha nipumzike. Baba Khumalo akaja na kikombe, akaomba nimwekee risasi mbili. Alimaanisha sukari. Wa kaptula akaomba risasi, akionyesha maziwa. Tannie mwenyewe, mama mzima na aproni ya maua, alipomaliza chai yake akanirudishia kikombe na kusema, "Risasi," yaani asante. Mpaka tunaondoka lilikuwa limeshakuwa neno la klabu.

Papa akaenda dukani peke yake na boksi lililopungua vichwa viwili. Niliona kupitia kioo akimwonyesha muuzaji vidole: vitatu, kimoja, kimoja. Akatoka na boksi la 311. Dakika chache tu. Hakuhitaji Tanga wala kamusi.

Tukaanza safari ya kurudi. Tulipita uwanja wa mbio za farasi, tukapanda kuelekea mjini, naye anaendesha taratibu, mimi nimeshikilia thamosi mapajani. Na hapo, robot ikiwa nyekundu, ndipo maneno yakanijia. Yote. Kwa mkupuo, kama wageni waliochelewa harusi.

"Ganda!" nikapiga kelele. "Papa, ile ya shaba ni ganda! Na ile ya chini ni fataki! Na kuna kichwa cha risasi, na kuna baruti!"

Papa akageuka. Akanitazama, kama asubuhi, mpaka ikawa kijani na wa nyuma wakapiga honi.

"Leo umesema mingi," akasema. "Ile moya ya kusema haukusema."

Nilijua ipi. Nikamwambia, kwa sauti ndogo, kwamba muuzaji hakusema 308 ndiyo yenyewe. Nilisema mimi, kwa sababu niliona haya kuuliza. Na mwalimu aliposema 311 nilisikia vizuri sana, nikaogopa kwamba atanikataa. Niliongea bila kusahihisha chochote. Nadhani hata sarufi ilikuwa mbaya.

Aliendesha mpaka mbele ya jengo langu, akazima gari. Akaingiza mkono mfuko wa shati, akatoa kile kikopo cha kwanza chenye kichwa kilichotumbukia ndani. Alikuwa amekiziba mdomo kwa kipande cha utepe. Hakina baruti, hakina fataki, hakiwezi kumdhuru hata mende. Akakitikisa. Kacha kacha kacha. Akaniwekea kiganjani.

"Ukitaka kusema kintu haujui, utikise hii kwanza," akasema. Nikashika mlango nishuke, nikijua yameisha. Akaniita tena. "Na siku baba zako watakuja kwangu mu Desemba, leta muntu wa kusema. Weye utakaa kimya. Umenisikia?"

Nilimsikia. Alikuwa ameshaondoka nilipoelewa alichosema. Nilibaki pale kwenye lami, watu wananipita na mifuko yao ya nyanya, nimekumbatia thamosi yake ambayo nilisahau kumrudishia. Nimefurahi mpaka nimesahau hata njaa. Ndiyo maana nimekaa kitandani na viatu.

Mireille ameshapita hapa, amecheka mpaka wanja umeshuka, na amekichukua kile kikopo. Anasema atakiweka mezani kwenye saluni, na kila nitakapofungua mdomo kumsahihisha mtu, atakitikisa.

Basi wana kikundi, natafuta mshenga wa Desemba. Nampendelea Mkongo, mwenye Kiswahili kibovu kabisa. Na yeyote atakayenijibu humu ndani kwa lile neno la silabi tatu, mwiko wa pili wa pilau ya harusi hataupata.